Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti yetu: Timbo hili limefika kwenye maji

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa kijiji cha Pwani kilicho kando ya timbo la mawe ambalo afisi yako inapendekeza ligeuzwe jaa la taka za miji yetu. Jina la kijiji nimeliacha makusudi. Wewe unalijua, na madalali wa ardhi hawana haja ya kulisoma hapa wakaja kuwatisha wazee wetu wauze mashamba kwa bei ya kutupa kabla hata lori la kwanza halijafika.

Hoja ya afisi yako tumeisikia. Shimo lipo tayari, mwenye kibali cha kuchimba mawe ameshaondoka, barabara ya malori ilikwisha kuchongwa, sasa kwa nini pesa za umma zichimbe shimo jingine? Kwa mtu anayelitazama timbo kwenye ramani, hoja hiyo inaingia akilini. Mimi naomba uitazame ukiwa umesimama chini, kwenye sakafu ya timbo lenyewe.

Jiwe la huku ni tumbawe. Zamani lilikuwa mwamba wa baharini, na ndani yake limejaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha hatuoni kijito kikitiririka. Maji yanazama pale pale yalipoangukia, kama yaliyomiminwa kwenye chujio la matundu makubwa. Mchanga huyachuja maji yanapopita. Ufa hauchuji kitu. Kinachoingia juu ndicho kinachofika chini, na hakichukui muda.

Tena timbo hili limechimbwa hadi karibu na maji. Kila masika, dimbwi huota upande wa kusini wa sakafu yake na hubaki wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Hakuna mto unaolilisha. Yale ni maji ya chini ya ardhi yaliyopanda, na ndiyo hayo hayo tunayoteka visimani, tunayopikia na kunyweshea mbuzi. Wataalamu wako wakija wakati wa kiangazi wataona sakafu nyeupe iliyokauka na kuandika kwamba pamekauka. Naomba waje mwezi wa Mei.

Jambo jingine linalojulikana na kila mchimba kisima wa Pwani ni kwamba maji matamu ya huku yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ni tabaka jembamba. Ukichimba kisima kirefu kupita kiasi, au ukivuta maji kwa pampu kubwa mchana kutwa, unapata chumvi. Maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba tabaka hili likichafuliwa hatuna pa kukimbilia. Watu wa bara wanaweza kuambiwa wachimbe chini zaidi. Sisi chini zaidi kuna bahari.

Najua jibu litakalotolewa: jaa la kisasa hutandikwa plastiki nzito juu ya udongo wa mfinyanzi, na yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka hukusanywa kwa mabomba na kusafishwa. Ni kweli, majaa ya namna hiyo yapo duniani na yanafanya kazi. Lakini kuta za timbo letu zimesimama wima, zimejaa ncha za mawe, na kutandika plastiki kwenye ukuta wa namna hiyo bila kuitoboa ni kazi ngumu mno. Maji ya ardhini nayo yakipanda wakati wa masika yanalisukuma tandiko kutoka chini. Juu ya hayo, taka huendelea kutoa maji machafu kwa miongo baada ya jaa kufungwa. Uchaguzi wetu ni kila miaka mitano. Nani atailipia ile pampu wakati waliotia saini mradi huu watakuwa wamesahaulika?

Mheshimiwa, Kenya imeshalijaribu wazo hili. Jaa la Dandora, Nairobi, lilianza katikati ya miaka ya 1970, na mahali pale palikuwa timbo la mawe lililoachwa. Hoja ilikuwa hii hii ya shimo lililo tayari kungoja kujazwa. Kufikia 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakuacha kwenda. Shimo likawa kilima, na kilima kikaendelea kupanda mbele ya macho ya watu wa Dandora na Korogocho, huku mipango ya kulihamisha ikitangazwa na kuachwa.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi hiyo hiyo, lilitoa ripoti kuhusu afya ya wanaoishi karibu na jaa lile. Watoto na vijana 328 walichunguzwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi, kiwango ambacho wakati ule ndicho kilichohesabiwa kuwa mpaka wa hatari. Risasi hudumaza ubongo wa mtoto, na dawa haiurudishi ulivyokuwa. Watoto wale sasa ni watu wazima. Ningependa kila afisa anayeshika faili la timbo letu aisome ripoti ile kabla ya kugonga muhuri.

Na Dandora haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Mto Nairobi unapita ubavuni mwa jaa lile, unaingia Athi, Athi inageuka Galana, na Galana ndiyo Sabaki inayomwaga maji baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, vinavyotegemewa na Mombasa na miji ya Kilifi, viko kando ya Sabaki hiyo. Sisi wa Pwani tumekaa mwisho wa mto. Tusijiongezee jaa jingine juu ya maji yetu wenyewe.

Sitakaa sana kwenye habari za Kiteezi, jaa la Kampala lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 30, wala za Koshe, Addis Ababa, ambako zaidi ya watu 100 walifukiwa Machi 2017. Yale yalikuwa majaa ya wazi yaliyorundikwa kupita kiasi. Nayataja kwa sababu hakuna jaa lililoanza likiwa mlima. Yote yalianza kwa ahadi kwamba taka zitadhibitiwa.

Kuna wenzetu kijijini, hasa vijana, wanaousubiri mradi huu kwa sababu wameahidiwa kazi. Siwalaumu. Tangu timbo lifungwe, mkata mawe hana mahali pa kwenda asubuhi. Lakini kazi inayopatikana jaani mara nyingi ni kuchokora: kuokota chupa na vyuma kwa kilo, bila glovu, bila bima, kwenye moshi. Moshi huo hauepukiki taka zikizikwa bila kutenganishwa, maana mabaki ya chakula yakioza bila hewa hutoa methani, gesi inayoshika moto na kuwaka chini kwa chini siku nyingi. Ikiwa Kaunti ina kazi za kuwapa vijana wetu, ziwe kazi zenye mkataba.

Nasi pia tunazalisha taka, na hatuwezi kudai zipotee hewani. Mahoteli, masoko na mitaa ya mjini yanahitaji pa kuzipeleka. Tumeona yaliyotokea Kibarani, ambako kwa miaka taka zilimwagwa ukingoni mwa bahari kwenye mlango wa Mombasa, na tumeona mzigo ulivyoelekezwa kwenye jaa la Mwakirunge. Kuhamisha rundo kutoka mbele ya wageni hadi nyuma ya kijiji hakupunguzi hata kilo moja. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza: maganda, majani, mabaki ya jikoni, makumbi ya madafu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeshaamuru taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale zinapozalishwa, na imezipa kaunti jukumu la kuweka vituo vya kuchambua vitu vinavyoweza kutumika tena. Kituo cha namna hiyo kwetu bado hatujakioneshwa. Kikijengwa, kitakachobaki cha kuzikwa kitakuwa kidogo, na kidogo kinaweza kutafutiwa ardhi inayozuia maji, mbali na visima vya mtu yeyote. Sikuombi ulipeleke jaa kwa jirani yetu. Naomba mahali pachaguliwe kwa sababu udongo wake unafaa, hata kama itabidi shimo lichimbwe upya.

Na timbo lenyewe? Bamburi, kule Mombasa, ni karibu, Mheshimiwa. Mwaka 1971 kampuni ya saruji ilimpa René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, kazi ya kulifufua eneo lililochimbwa hadi kubaki tumbawe tupu. Alipanda aina 26 za miti, na nyingi zikafa. Mvinje ukashika. Majani yake makavu hayakutaka kuoza, mpaka alipomwona jongoo akiyatafuna, akaleta majongoo mamia wakayageuza udongo. Mahali pale palifunguliwa kwa umma mwaka 1984, na hadi leo wanafunzi wa Pwani nzima hupelekwa kutazama viboko na makobe ndani ya msitu uliokuwa jangwa la saruji. Sakafu ya timbo la Bamburi nayo ilikuwa karibu na maji, na ukaribu huo ukatumika kwa mabwawa ya samaki. Hatudai viboko. Mivinje, bwawa la samaki na kitalu cha miche vinatutosha, na vijana wetu wanaweza kuajiriwa kuanzia msimu wa kwanza.

Kuhusu sheria sitakuhubiria, maana unaijua kunishinda. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba ameshadhurika. Jedwali la Nne limekabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na pia kazi ya maji. Afisi yako imebeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, wakapata hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, ikabatilishwa kwenye rufaa, na ikabidi wangoje hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Hatutaki kushinda kesi baada ya watoto kuugua.

Ninachoomba kabla ya hatua nyingine yoyote ni hiki. Ripoti nzima ya tathmini ya athari kwa mazingira iwekwe wazi, pamoja na vipimo vya kina cha maji vilivyochukuliwa wakati wa masika. Visima vyetu vipimwe sasa, na kila mwenye kisima apewe majibu yake mkononi, ili baadaye asije mtu akasema maji yalikuwa mabaya tangu zamani. Mikutano ya umma, ambayo kanuni za 2003 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinataka isipungue mitatu, ifanyike huku kijijini, siku isiyo ya gulio wala ya Ijumaa mchana, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Mkutano uliofanyika kwenye ukumbi wa hoteli mjini, ambao sisi tuliusikia redioni ukiwa umeshakwisha, usihesabiwe.

Naomba jibu liwe la maandishi, na nakala ipelekwe kwa chifu ili lisomwe barazani.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa kijiji kando ya timbo