Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: CRP kwa wagonjwa wa kiharusi wilayani

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya mkoani Dodoma, si mbali na ofisi yako ya Mtumba.

Mgonjwa wa kiharusi akifika kwetu tunapima sukari, malaria na picha kamili ya damu, kisha anasubiri rufaa ya kwenda mjini kupigwa CT-scan. CT ni ya lazima, maana ndiyo inayotuonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka. Ninachoomba ni kipimo kingine, CRP.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukishambuliwa au kujeruhiwa. Iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na nimonia ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wagonjwa wengi wa kiharusi hawamezi vizuri. Ndugu anakuja na chupa ya uji wa uwele, anamnywesha mzee kwa kijiko, mzee anakohoa kidogo, anafutwa kidevu, kijiko kinaendelea. Uji umeshaingia kifuani, na hapo ndipo nimonia inapoanzia. Na wazee wengine hata homa hawapandishi!

CRP huanza kupanda ndani ya saa chache na hufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Jeraha la ubongo lenyewe huipandisha pia, ndiyo maana jibu moja halimsaidii sana daktari. Anahitaji la siku ya kulazwa na la siku ya tatu, ayalinganishe. Akiona inazidi kupanda, akichunguze kifua mapema.

Kwetu vitendanishi vya CRP, yaani kemikali za kupimia, vinakatika mara kwa mara. Daktari anaandika kipimo, mimi narudisha fomu imeandikwa "kitendanishi hakuna", na ndugu wanaambiwa wakatafute maabara binafsi. Inaniuma kila ninapoiandika.

Mheshimiwa, naomba Bohari ya Dawa (MSD) ihakikishe vitendanishi hivi havikatiki wilayani, na mwongozo wa tiba uagize CRP mara mbili kwa kila mgonjwa wa kiharusi. Na kwa kuwa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, gharama yake ibebwe na kitita cha huduma za bima hiyo, si na mkulima wa Chemba au Bahi ambaye ameshauza mbuzi kwa ajili ya nauli ya rufaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtaalamu wa maabara, Dodoma