Risala ya kikundi chetu cha historia, Mafia, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wazazi na wazee wetu, assalamu alaykum, shikamooni. Tunakushukuru kwa dhati kuvuka bahari kuja kwetu.

Kikundi chetu kina wanafunzi 23 na tumepiga hatua kubwa mno, tumehoji wazee tisa, tumejaza madaftari manne na kuchora ramani kubwa ya kisiwa.

Historia kwa ufupi mheshimiwa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Septemba 1914 manowari ya Wajerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar ikaenda kujificha delta ya Rufiji, hapo ng'ambo yetu tu. Novemba rubani Dennis Cutler akaruka na ndege ya majini ya Curtiss kutoka kisiwa cha Nyororo akaiona, Januari 1915 Waingereza wakaichukua Mafia, wakafyeka uwanja, wakaleta ndege za mbao na kitambaa ambazo joto la huku liliziachanisha gundi. Tarehe 11 Julai 1915 ndege ilikuwa juu inaelekeza kwa redio meli za Waingereza zipige wapi makombora, ikapigwa ikaanguka mtoni huku bado inatuma ujumbe, na Königsberg ikaishia hapo. Mzinga wake mmoja upo Fort Jesus Mombasa, mwingine Pretoria, wageni wanapiga nao picha. Sisi ambao ndege ziliruka kwetu tuna chumba cha kutunzia historia hii kisicho na paa.

Hilo ndo ombi letu mheshimiwa, paa. Kuta wazazi wamezijenga wenyewe, matofali wamebeba kichwani, zimefika lenta na zimesimama hapo mwaka wa tatu sasa zinaota majani. Mgeni wetu wa mwaka juzi alitoa ahadi ya mabati mbele ya umati huu huu tukampigia makofi mpaka viganja vikauma, wa mwaka jana akasema mabati yapo njiani, nasi tukamwamini maana ni mtu mzima, kila boti ikifunga gatini tunatuma mtoto akaangalie. Hatumlaumu mtu, majukumu ni mengi tunaelewa.

Lakini masika iliyopita madaftari yalikuwa kwenye boksi chini ya meza ya ofisi, maji yakaingia, daftari la pili wino wote umesambaa, kurasa zimegandana ukizibandua zinachanika. Ndani yake kulikuwa na maneno ya mzee aliyesimuliwa na babu yake jinsi uwanja ule ulivyofyekwa. Mzee huyo tumeshamzika, hakuna wa kumuuliza tena.

Tunahitaji mabati 40 ya geji 28, mbao za kenchi, misumari, mlango mmoja wa kufunga na kabati la chuma. Fundi tunaye, ni mzazi, hataki hela. Masika inaanza Machi, kwa hiyo mheshimiwa, kwa heshima zote, leo tunaomba utuachie tarehe, na jina la mtu wa kumpigia simu.

Naomba kuwasilisha.