Kwa mdogo wangu, uliyekwenda Kismayu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, kwa hivyo naandika hapa. Atakayesoma na asome.

Arubaini ya mama imepita. Hitma imesomwa, watu wamejaa hadi nje ya daka, na kila mtu akiniuliza habari zako. Nimekuwekea msala wake na ile kandili uliyokuwa ukisomea. Bado nakuona na kaptura yako ya skuli, umelala kifudifudi jikoni, unachora pwani kwa mkaa: Manda, Pate, Ndau, Kiwayu, na mama akikutajia visiwa vya kwao kule juu, Chula, Koyama, mpaka Kismayu. Ulipochaguliwa ukadeti, nauli ya kwenda chuo cha jeshi Lanet ilitoka kwenye bangili yangu ya harusi. Sijakudai hadi leo.

Oktoba 2011 nyinyi wanajeshi wa Kenya mkavuka mpaka kuingia Somalia, kupigana na Al-Shabaab. Septemba ya mwaka wa pili Kismayu ikashikwa. Ukaja likizo, luteni mzima, umekonda. Mama akakuchomea mkate wa mofa, akakaa mbele yako, akauliza neno moja tu: "Ndugu zangu kule umewaona?" Ukaweka kikombe chini. "Mama, kule sikwenda kutembea." Ukatoka, ukakaa gatini mpaka magharibi. Mkate ukapoa kwenye sinia, haukumegwa. Mama hakuuliza tena, hata siku zile za mwisho aliposhindwa kunyanyua mkono. Hilo nimejaribu kukusamehe, nimeshindwa. Ungemdanganya! Ungesema wazima, wanakusalimu.

Najua vita si mchezo. Habari za kambi yenu ya El Adde kushambuliwa zilipofika, Januari 2016, mama alikesha na redio sikioni. Tafuta mtu uzungumze naye, usiyafungie kifuani. Nakwambia kama dada yako.

Na ukisikia niliwaambia majirani kuwa unafanya kazi bandarini Mombasa, ni kweli. Ulitaka niseme nini? Mji wa Mpeketoni ulishachomwa, wavuvi walikuwa wamekatazwa kuvua usiku, shemeji yako akishinda na nyavu kavu, huku tukiwaogopa Al-Shabaab wa msituni na huku wanajeshi. Nilikuwa na watoto ndani. Nilikuwa nikikulinda na wewe. Mama alinisikia nikisema hivyo, akanyamaza, hakunikanusha.

Njoo umzuru. Vaa nguo yoyote, hata zile. Nitakupokea gatini mwenyewe.