Kwa vijana wa karakana: mteja anataka bei, nami nataka kusema neno

Vijana wangu mnaochomelea Mwanjelwa, Uyole, Mlowo hadi Makambako,

Marahaba, wote mlionisalimia nikipita na mkongojo wangu. Wiki iliyopita nilisimama kwenye karakana moja nikaangalia mashine ya kupukuchua mahindi. Rangi ya bluu inang'aa, puli zimenyooka, kazi safi kwa macho. Nikainama. Shafti yake, ule mhimili unaozunguka ndani, ni nondo ya kujengea nyumba, imekerezwa ncha mbili tu ili iingie kwenye beringi. Nikamuuliza kijana, naye akanijibu kwa adabu zote: "Mzee, mteja anataka bei."

Sikumjibu. Magoti yalikuwa yananiuma, na jibu lilikuwa refu kuliko kusimama juani. Ndilo hili.

Msidhani naja na ile methali ya rahisi na ghali. Mnaijua, na wateja wenu wanaijua, na bado wananunua rahisi kwa sababu mkulima wa Mbozi mwezi wa sita hana fedha. Fedha yake bado iko shambani, ndani ya maganda. Kumtaka anunue mashine ya bei ya juu ili tu mimi nijisikie fundi hodari ni kiburi. Nakijua kiburi hicho vizuri, nilikuwa nacho.

Kuna mwaka nilitengeneza mashine ambayo niliamini haitakufa. Mwili wote nikaukunja kwa bati la milimita 5, wakati wenzangu walitumia milimita 2. Pigeni hesabu: bati zima la futi 8 kwa 4 la milimita 2 lina kama kilo 47. La milimita 5 linafika kilo 117. Engo, vile vyuma vya pembe vya fremu, nazo nikaweka nene, kana kwamba najenga daraja. Mteja alitoka Umalila, akaipenda, akaipapasa, kisha akaniuliza itafikaje kwake, maana kutoka barabarani mpaka kijijini kwao ni kubeba begani. Wanaume sita walishindwa kuiinua. Akaondoka. Mashine ikakaa chini ya mparachichi wangu misimu miwili, kuku wakataga humo. Ilikuwa nzima kabisa. Lakini bati la mwili wa mashine ile halikuwa na mzigo wa kubeba, linazuia punje zisiruke tu. Fedha niliyoimwaga humo haikumfaa mtu.

Sasa niwape upande wa pili, ambao sipendi kuusimulia.

Kikundi cha wakulima wa Mbozi kilinijia na fedha pungufu. Nikakubali. Shafti ya mashine ile ilitakiwa iwe ya milimita 35, nikaweka ya 30, tena nondo, kama huyu kijana wa juzi. Niliokoa fedha kidogo nikaona nimekuwa mjanja. Hesabu ambayo sikuifanya ni hii: shafti ya 35 ina chuma kingi kuliko ya 30 kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, na bei inakwenda karibu na hapo. Lakini uwezo wake wa kuhimili kupindwa ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa 30, kwa sababu nguvu ya shafti haifuati unene wake, inafuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukueni simu zenu mzidishe: 35 mara 35 mara 35, mgawanye kwa 30 mara 30 mara 30. Ina maana nilipunguza kama robo ya bei ya shafti mahali ambapo kila shilingi ilikuwa inalipa zaidi ya thamani yake.

Ilipinda siku ya tisa. Haikupinda sana, unene wa ukucha tu. Lakini shafti yenye meno ikipinda hivyo na inazunguka kwa kasi, mashine nzima inatetemeka, beringi zinapata moto, grisi inayeyuka na kumwagika, mkanda unaruka. Wakabadilisha beringi. Zikafa tena. Wakabadilisha tena. Walidhani ni beringi feki, na kweli huenda zilikuwa feki, lakini hata zingekuwa halisi zingekufa. Shafti yenyewe nilikuwa nimeichomelea ndani, haitoki bila kuikata mashine. Malori ya wanunuzi yalikuja yakaondoka na mahindi ya watu wengine. Nilienda Mbozi mara nne kwa nauli yangu. Mara ya nne mama mmoja mwenyekiti wao alinikaribisha chai, hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Tangu hapo, kabla sijakata chuma, huwa nauliza swali moja: kitu hiki kikifa, mkulima atakibadilisha mwenyewe kwa spana, au itabidi grenda, mashine ya kukatia chuma, ije? Cha spana, punguza bei. Mkanda, chekecheke, tairi, rangi, hata injini yenyewe, anza na kile anachokimudu, atanunua kizuri akiuza mahindi. Cha grenda, usiguse. Beringi ziko katikati: zinatoka kwa spana, lakini zikifa vibaya zinaila shafti. Kwa hiyo mimi huzihesabu upande wa grenda.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, ilipokamilika mwaka 1975. Kipande cha kupanda kutoka Mlimba kuja Makambako ndicho kilichowatoa wajenzi jasho: mahandaki, madaraja marefu, udongo unaoteleza. Reli nzima ina madaraja zaidi ya 300. Injini za kwanza zilizoletwa zilihangaika na ule mlima, na miaka ya 1980 zikaletwa nyingine zenye nguvu zaidi. Sisemi kila kitu cha reli ile kimekwenda sawa, tunaoishi kando yake tunajua. Ila injini ilibadilishwa juu ya reli ileile. Wangebana matumizi kwenye nguzo za madaraja wakanunua injini bora, hizo injini zingepita wapi?

Jingine dogo, lakini nalo ni ubora. Chagueni beringi ambayo dukani Mlowo au Tunduma ipo. Nimeona fundi akiweka beringi nzuri sana iliyotoka mbali, ikafa, mkulima akazunguka mpaka Dar es Salaam. Shafti ikiwa milimita 30, beringi ya 206 inapatikana karibu kila duka la vipuri. Ikiwa 35, ni 207. Andikeni namba hiyo kwa rangi kwenye mwili wa mashine. Haina gharama.

Mtaniambia: Mzee, nikimweleza mteja haya atakwenda kwa jirani. Wengine watakwenda, ndiyo. Mimi nilipoteza wengi. Nilichokuwa nafanya ni kutaja bei mbili na kumwonyesha kwa kidole tofauti iko wapi: hii ina tairi, hii haina, hii ina chekecheke mbili, hii moja. Shafti ni ileile kwenye zote mbili. Nusu yao walibaki, wakachukua ya chini, na sikuwa na wasiwasi nayo usiku.

Na kinga ya mkanda. Hapa siombi, naagiza kama baba. Ni kipande cha bati na boliti nne, na ndicho kitu cha kwanza mnachokiacha mteja akilia bei. Wanaolisha mashine zile ni mama zetu na dada zetu, wamevaa kanga. Mteja akisema hataki kinga, mfungieni bure, kata gharama yake kwenye rangi.

Shafti ile ya Mbozi niliichukua siku nilipowapelekea nyingine. Leo ni komeo la banda langu la kuku, na kwa kuwa imepinda inabana mlango vizuri kuliko chuma kilichonyooka. Jumamosi huwa nipo nyumbani. Anayetaka kuiona aje, ila aje na kijiti cha kupimia, tuione imepinda wapi.

Mzee wenu,
fundi mstaafu, Uyole