Gari la vyuma vya kuokota lisianzie kwenye bodi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa Mbeya na Iringa wanaounda magari madogo ya wazi kwa vyuma vya Volkswagen kuukuu, zile zenye umbo la kobe. Wengi huanza na bodi kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mteremko mkali wa Mlima Kitonga, Iringa, hauangalii bodi.

Kazi ianzie chini. Bodi ikifunguliwa, inabaki sakafu yenye uti wa chuma katikati. Igonge kwa nyundo ndogo, hasa nyuma kulia chini ya kiti: betri hukaa hapo, na tindikali hula bati. Bati hubadilishwa, lakini kutu ikiingia kwenye uti wenyewe, peleka skrepa. Namba ya chesi imegongwa juu ya uti, chini ya kiti cha nyuma. Anayeisaga kwa grainda atakwama kwenye usajili.

Halafu kuna hii fasheni ya kukata sakafu na uti ili kufupisha gari. Meyers Manx, magari ya wazi ya aina hii yaliyoundwa California miaka ya 1960, yalipunguzwa takriban sentimita 36, lakini kwa miteremko yetu sioni faida. Fimbo ya gia, bomba la petroli, waya wa klachi na wa pedeli ya mafuta vyote hupita ndani ya uti. Pale mlipokata na kuunga pakipinda kidogo tu, gia zinagoma kuingia. Tena injini iko nyuma: gari fupi likishikwa breki konani, mkia hutaka kutangulia. Ziacheni zile sentimita 240 kati ya eksi kama kiwanda kilivyoziweka.

Fedha iende kwenye breki. Dramu za kuokota zinafaa zikikerezwa vizuri. Mpira wa zamani haufai hata mmoja: raba za masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli), za wili silinda (zile za kwenye magurudumu) na hozi zote nne ziwe mpya. Matoleo ya zamani yana masta silinda ya njia moja, hozi ikipasuka pedeli inazama yote; fungeni ya njia mbili. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, ila hunyonya unyevu, na yaliyolowa huweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana pedeli iliyokuwa ngumu juu mlimani inakuwa laini katikati ya mteremko. Wapo wanaoongezea oili ya injini kwenye mafuta ya breki. Raba huvimba, breki zikashika zisiachie.

Mabati yanayofunika injini msiyatupe kwa ajili ya urembo. Injini hiyo haina rejeta; mabati ndiyo yanayoelekeza upepo wa feni kwenye silinda. Nafasi ya vali iwekwe milimita 0.15 injini ikiwa baridi, oili lita 2.5. Na kwa kuwa Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi: kabureta iliyosetiwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi na plagi zitajaa masizi. Dawa ni jeti (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) ndogo zaidi, si kusugua plagi kwa msasa kila wiki.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya