Vijana wa maabara na falsafa ya Plato

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu vijana wa Pemba wanaodai kila skuli ya sekondari iwe na maabara ilinikera kwa jambo moja. Mwandishi aliwaita wadhanifu (kwa Kiingereza "idealists"), kisha akaeleza kuwa udhanifu ni falsafa ya Plato na Berkeley ya kuikana dunia, na asiyeiamini dunia hawezi kupiga hesabu ya saruji. Nasomesha Wete, vijana hao nawajua, na sikubali wabebeshwe falsafa isiyokuwa yao; tena falsafa yenyewe ikiwa imeelezwa kombo.

Plato wa Athens, aliyeishi karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa, alitumia neno la Kigiriki "idea", lililotokana na kitenzi cha kuona. Maana yake ni sura ya kitu, umbo lake, na ndilo lililozaa neno "idealism", yaani udhanifu. Alitoa mfano wa seremala: vitanda anavyovichonga huvunjika na kuoza, lakini sura ya kitanda anayoifuata akilini haivunjiki. Na haki nayo ina sura yake, hata pale mahakimu wanapokosea. Hakusema kitanda hakipo. Wala hakujiita mdhanifu. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye, mwaka 1702, mwanafalsafa Leibniz wa Ujerumani ndiye aliyemtaja kuwa mkubwa wa wadhanifu, akamweka Epicurus, mwanafalsafa mwengine wa Kigiriki, upande wa pili, kwa watu wa maada, yaani wanaoona kila kilichopo ni maada.

Berkeley, askofu wa Ireland, kweli alikwenda mbali. Katika kitabu chake cha mwaka 1710 alikataa kuwa kuna maada iliyo nje ya kila akili: kuwepo kwa kitu ni kutambuliwa. Basi mwembe ulioko shamba usiku, asipokuwepo mtu wa kuutazama, umetoweka? Hapana, alijibu, kwa sababu Mungu hasinzii. Huyu ni mtu aliyeona kuwa dunia inashikiliwa na Mola kila dakika. Kumwita mkana dunia ni kumdhulumu. Kant naye, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1781, alisema vitu vipo, ila sisi tunavijua kwa namna vinavyotudhihirikia katika nafasi na wakati. Watu walipomchanganya na Berkeley alikasirika, na toleo la pili la kitabu hicho, la mwaka 1787, akalitia sehemu nzima ya kuwapinga wanaotilia shaka vitu vya nje.

Maana ya mdhanifu anayoikusudia mwandishi wenu, ya mtu anayeshikilia jambo jema ambalo bado halijapatikana, ilienea karne ya 19. Ni jambo jengine kabisa, na mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyengine.

Ushahidi tunao hapa hapa visiwani. Abdulrahman Babu na wenzake walioanzisha chama cha Umma mwaka 1963 walikuwa wafuasi wa Marx. Engels, mwenzake Marx, alikwisha wagawa wanafalsafa makambi mawili, wa fikra na wa maada, na hawa kambi yao ni ya maada. Kwa falsafa walikuwa wapinzani wa udhanifu. Lakini Babu alikuwa katibu mkuu wa chama kikubwa, akakiacha kwa ajili ya jamii ya usawa ambayo hakuna aliyewahi kuiona Unguja wala Pemba. Unaweza kutokubaliana na siasa zake, na wengi hawakubaliani nazo hadi leo. Huwezi kusema kuwa hakujua hesabu.

Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa elimu bila malipo Zanzibar. Lengo lilitangulia mbele ya uwezo, na kuna wazee wanaosoma gazeti hili ambao bila ya tangazo lile wasingelisoma. Sijapata kumsikia mtu akiliita tangazo hilo kukana dunia.

Vijana wetu wanaomba meza, maji ya bomba, gesi, kemikali na mtu wa kuvitunza. Wanafunzi wangu wanafundishwa majaribio ya kemia kwa kuchorewa ubaoni. Ikiwa mwandishi anaona gharama haibebeki, atuletee bei ya kila kimoja na aseme ni skuli ngapi zianze na zipi zisubiri. Nitaisomea darasa makala hiyo, na jibu la wanafunzi nitalileta mwenyewe afisini kwenu.

Mwalimu wa sekondari,
Wete, Pemba