Saratani ya ngozi iandikwe kikamilifu

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti yenu juu ya takwimu za saratani ya ngozi. Mlisema takwimu hizo zina kasoro kwa sababu ya uhaba wa kompyuta. Kwa maoni yangu kasoro huanzia kwenye kalamu ya daktari. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, melanoma (saratani inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi) hupewa msimbo C43 na saratani nyingine za ngozi C44. Tarakimu inayofuata huonyesha sehemu ya mwili. Daktari akiandika "kidonda mguuni, yashukiwa saratani" na kuishia hapo, karani anayeandika misimbo hiyo afanye nini? Hana ruhusa ya kubuni. (Mwandiko wenyewe tusiuzungumzie.)

Nimewahi kushika faili ambalo jibu la maabara lilisema melanoma ya unyayo, unene milimita 2, lakini juu ya jalada palibaki neno "uvimbe". Mgonjwa huyo hahesabiwi, na daktari atakayempokea kesho hatajua alikatwa nini.

Napendekeza faili lisifungwe kabla jibu la maabara halijarudi, na daktari aandike aina, mahali na upande wa mwili. Karani naye aruhusiwe kulirudisha faili lenye upungufu bila kuonekana msumbufu.

Karani wa kumbukumbu za afya